Shamba Lisilale Uchi: Mazao Funikizi Mchanganyiko na Rutuba ya Mashamba ya Ruvuma

Mhadhara uliotolewa mjini Songea mbele ya wakulima, walimu, maafisa ugani na viongozi wa kata

Naona kina mama waliokuja na watoto mgongoni, na najua wapo walioacha mahindi hayajapukuchuliwa ili wafike hapa. Nitajitahidi safari yenu isiwe ya bure.

Kusudi la mhadhara huu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba shamba linalovunwa Juni halipaswi kubaki wazi hadi mvua za Novemba. Kwamba vazi linalolifaa ni mimea ya aina kadhaa iliyochanganywa. Na kwamba ndani ya mchanganyiko huo lazima iwemo mimea inayoliwa nyumbani. Nalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndipo tulipokwama zamani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwama. Mimea hii ndiyo tunayoiita mazao funikizi, yaani mazao yanayopandwa ili kuufunika na kuulisha udongo.

Hoja ya kwanza: udongo ulio wazi hupungua hata kama haulimwi

Tazameni mashamba yetu kuanzia Julai. Mahindi yamevunwa, mabua yameliwa na ng'ombe au yamechomwa moto, na majivu yametanda mpaka ukingoni mwa vichaka. Saa nane mchana ukikanyaga peku unaruka. Nimewahi kulaza kipimajoto juu ya udongo wa namna hiyo mwezi Oktoba kikapita nyuzi 50. Hatua kumi kutoka pale, nilipofunua matandazo ya ngwara na kuingiza vidole chini yake, nilikuta ubaridi na unyevu, na nyungunyungu wawili wakajikunja kuukimbia mwanga. Viumbe vinavyoozesha majani na kuyageuza kuwa chakula cha mmea haviwezi kufanya kazi juu ya kikaango.

Kisha inakuja mvua ya kwanza, ile tunayoishangilia. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Likikuta jani, nguvu yake inaishia pale. Likikuta udongo mtupu linaupasua, chembe laini zinaziba vitundu vya kupitishia maji, na baada ya dakika chache maji hayaingii tena, yanatelemka. Yale maji mekundu mnayoyaona yakipita chini ya makalvati yetu mwezi Desemba, wekundu wake ni shamba la mtu. Ukiondoka unene wa milimita moja tu katika ekari moja, umepoteza kama tani 5 za udongo, na unaotangulia kuondoka ni ule wa juu wenye mboji.

Wenye umri wangu mlisimuliwa na wazazi wenu habari za mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kung'oa miti Kongwa kwa matingatinga na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, baadaye Urambo na Nachingwea, ili walime karanga za kutosheleza njaa ya mafuta kwao. Kule Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ule wenye mfinyanzi ulipobaki bila miti wala majani ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zilizoota zilishindikana kung'olewa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamekwisha. Fedha ilikuwapo, mitambo ilikuwapo, wataalamu walikuwapo. Hakuna aliyeuliza kwanza ardhi ile ilikuwa inalindwa na nini kabla hawajaivua.

Hoja ya pili: kuchanganya na kulisha udongo kwa majani si jambo la kuletewa

Ndugu zangu wa Mbinga watanivumilia nikisema habari zao mbele yao. Wamatengo walijibana kwenye milima yenye miteremko mikali katika karne ya kumi na tisa, wakati wa vita vya Wangoni, na kwa ardhi hiyo finyu wakatengeneza ngoro. Mvua zinapoelekea kwisha, majani hufyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatizana kama miraba ya mkeka. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya yale majani. Linabaki shimo katikati, na matuta pande zote nne yenye majani tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta wakati majani yale yanaoza chini yake, na msimu unaofuata yanaingia mahindi. Maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kuteremka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja miaka ya 1990 kujifunza kwa wakulima wa huko. Kule Ufipa nako wapo wanaolima kwa matuta ya mviringo yenye nyasi zilizofukiwa ndani.

Na nani hapa hakulelewa na shamba la bibi? Mahindi juu, maharage yakipanda kwenye mabua, maboga yakitambaa chini, kunde pembeni kwa ajili ya majani ya mboga. Tulipopelekwa vyuoni tulifundishwa kwamba lile ni shamba la fujo. Tukaambiwa zao moja, mstari ulionyooka, palizi safi mpaka udongo uonekane. Mimi nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo kwa miaka mingi, na niliwang'olesha akina mama maboga yao kwa kauli yangu. Naomba radhi hadharani. Mstari ulionyooka una faida yake, siukatai. Lakini usafi ule wa udongo mtupu ulikuwa kosa, na majani mapana ya boga yalikuwa yanafanya kazi ambayo sikujua kuiona.

Hoja ya tatu: tuliwahi kuanza, kwa marejea, na tuseme kweli kwa nini hatukufika

Hapa tulipo si mbali na Peramiho. Wengi mnalikumbuka jina la Padre Gerold Rupper, Mbenediktini, aliyeinadi marejea kwa juhudi kubwa katika miaka ya 1980. Vijana wasioijua, marejea ni mmea wa jamii ya mikunde, wenye maua ya njano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Sikio la Mswahili linasikia ndani ya jina hilo neno kurejea, na kwa kweli kurejea kwa rutuba ndiko kulikotafutwa. Marejea hukua upesi, huyafunika magugu mpaka yakakosa jua, hurudisha naitrojeni ardhini, na huwapunguza minyoo fundo wanaotia vivimbe mizizi ya nyanya na tumbaku. Nililiona shamba lililochoka kiasi cha kuota nyasi za vipara tu, likapandwa marejea msimu mmoja, na mahindi yaliyofuata yakawa na kijani cha kuvutia.

Basi kwa nini leo mtu anaweza kutembea vijiji vitano asione hata nusu ekari ya marejea? Sababu nyingi hutajwa: mbegu ziliadimika, mbolea ya ruzuku ikapatikana, wahamasishaji wakahama. Zote zina ukweli. Lakini mimi nasema sababu kubwa ni nyingine, na naisema kwa sababu niliiona nyumba kwa nyumba. Tulimwomba mkulima mwenye ekari mbili atenge ekari nzima, ailime, aipande, aipalilie mara moja, kisha aifyeke, bila kupata hata kikombe kimoja cha chakula kutoka humo. Mama mmoja aliniambia, akiwa ameshika jembe: "Bwana shamba, watoto wangu watakula maua?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda zangu, na mwaka uliofuata marejea hayakuwapo pale.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwapo karibu. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya hula majani machanga ya mmea huu huu, wanauita mitoo, na hupikwa pamoja na mboga nyingine kupunguza uchungu wake. Na hata kama sisi hatutaki kuyala, tungeweza kuyapanda pamoja na vile tunavyovila. Tuliuleta mmea mzuri tukauacha peke yake.

Hoja ya nne: kila mmea una kazi yake, na hakuna mmoja unaoziweza zote

Hii ndiyo sehemu nitakayokaa nayo kwa muda, maana bila kuielewa mtu atachanganya mbegu kama anayechanganya karata.

Tuanze na naitrojeni, ile inayofanya mahindi yawe ya kijani. Hewa tunayovuta sasa hivi, asilimia 78 yake ni naitrojeni. Juu ya kila ekari moja ya shamba ipo zaidi ya tani 30,000, lakini mhindi hauwezi kuigusa, kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa nje ya ghala. Mimea ya jamii ya mikunde, yaani maharage, kunde, ngwara, mbaazi, karanga, marejea, inao wenye ufunguo: bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, ndio waliothibitisha jambo hili katika miaka ya 1880. Ninyi mnaweza kulithibitisha kesho asubuhi. Ng'oa kunde kwa uangalifu, tafuta vinundu, kata kimoja kwa wembe. Ukikuta ndani ni chekundu kama nyama, kazi inafanyika. Ukikuta ni cheupe au cha kijani, bakteria hawafanyi kazi, na mmea unakula udongo kama mwingine tu.

Tufanye hesabu ndogo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Zao funikizi la mikunde lililostawi vizuri likifunga kilo 60 kwa hekta, ekari yako imepata kilo 24, sawa na mfuko mmoja. Lakini nawaomba msitoke hapa mkisema nimeahidi mfuko wa bure. Sehemu tu ya naitrojeni hiyo huyafikia mahindi ya msimu wa kwanza. Nyingine hubaki katika mboji na kutoka polepole. Na kunde iliyovunwa punje zote huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni yake ndani ya debe. Linalobaki shambani ndilo linalolisha shamba: majani, mashina na mizizi.

Sasa, kama mikunde ni mizuri hivyo, kwa nini tusipande mikunde peke yake? Kwa sababu huoza haraka mno. Ukifyeka marejea machanga Machi, ifikapo Mei hutakuta kitu juu ya ardhi, na jua litapiga udongo kama kawaida. Nyasi, yaani mtama, uwele, ulezi na mabua ya mahindi yenyewe, huoza polepole na kubaki kama paa. Lakini nazo zina hila yake. Mabua makavu ya mahindi yana kama kilo 60 za kaboni kwa kila kilo moja ya naitrojeni. Viumbe vya udongo vikipewa chakula kikavu namna hiyo hukosa naitrojeni ya kujengea miili yao, basi huikopa kutoka kwenye udongo, na mahindi yako machanga yanageuka njano. Wangapi hapa mlifukia mabua mkaona mahindi ya njano, mkasema matandazo ni uongo?

(Mikono mingi imenyooshwa. Asanteni kwa ukweli wenu.)

Hamkukosea kuona, mlikosa mwenzake wa mabua. Mikunde ikichanganywa na nyasi, mmoja hutoa naitrojeni, mwingine hutoa mwili wa kudumu. Viumbe hula bila kukopa, na paa linabaki mpaka mvua zirudi.

Kisha kuna mizizi. Nyasi zina mizizi mingi myembamba kama nywele, inayoshika udongo wa juu ukawa wa vibonge vidogo vinavyopitisha maji. Mbaazi ina mzizi unaokwenda chini zaidi ya mita moja, unaotoboa ile tabaka ngumu iliyotengenezwa na jembe la ng'ombe kupita kina kilekile miaka ishirini. Maji hufuata njia ya mzizi uliokufa. Tena mbaazi ina siri nyingine: watafiti waliokuwa katika kituo cha ICRISAT nchini India walionyesha mwaka 1990 kwamba mizizi yake hutoa asidi zinazoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma cha udongo. Udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma, kwa hiyo habari hiyo inatuhusu. Alizeti huvuta nyuki na wadudu wanaosaidia. Boga na ngwara hutambaa na kuziba mianya ambayo mimea iliyosimama imeiacha wazi.

Kuna mahali ambapo wakulima walilazimika kulijua hili kwa shida kama zetu. Katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili, udongo mwekundu ulikuwa unakimbia na mvua, na mwaka 1972 mkulima mmoja wa Rolândia, Herbert Bartz, akaanza kupanda bila kulima. Majirani walimwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini kuacha kulima peke yake hakukutosha. Wakulima wa huko waligundua kwamba wanahitaji mimea ya kufunika kati ya msimu na msimu, wakafika kwenye kuchanganya oti nyeusi, figili na mikunde katika shamba moja. Wao wana mvua hata katika majira yao ya baridi. Sisi tuna miezi mitano mikavu. Hatuwezi kunakili kalenda yao; tunachoweza kunakili ni sababu zao.

Hoja ya tano: mchanganyiko uanzie chunguni

Basi tupande nini, na lini? Nasema kwa mashamba ya ukanda wetu wa mvua moja, yaani Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei.

Siku unayopanda mahindi, panda na mbaazi za muda mrefu katikati ya mistari, mbalimbali. Msiogope, mbaazi hukua taratibu sana miezi miwili ya mwanzo, haiyasumbui mahindi. Mahindi yakishavunwa ndiyo kwanza inachangamka, inatoa maua, inabaki kijani Julai wakati kila kitu kimekauka, na inamwaga majani chini wiki hadi wiki.

Mahindi yakifika kiunoni, baada ya palizi ya pili, ingiza ngwara, na maboga machache. Msiwahi. Mwaka mmoja nilipanda ngwara wiki mbili tu baada ya mahindi kwenye shamba langu mwenyewe, ikapanda juu ya mabua, ikayalaza, nikavuna chini ya nusu ya nilichozoea. Familia yangu ilinunua unga mwaka ule. Ngwara inahitaji kuchelewa. Punje zake huliwa, na jirani zetu wa Kenya, Wakikuyu hasa, wanaithamini sana, wanaiita njahi. Wakulima wa Arusha wamekuwa wakiiuza huko.

Kwa kipande kilichochoka kabisa, kile ambacho hata hivyo hakikupi kitu, ndipo pa marejea, lakini si peke yake. Changanya marejea, kunde, uwele au mtama, na alizeti kidogo. Kunde itakupa mboga ndani ya wiki chache, uwele na alizeti vitakupa cha kuvuna, marejea yatafanya kazi yake. Kiasi cha mbegu kina kanuni rahisi: chukua kiasi unachotumia zao likiwa peke yake, kigawe kwa idadi ya mazao uliyochanganya. Marejea yafyekwe yanapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajawa kuni, na yaachwe juu ya ardhi, ila machache yaachwe yakomae kwa ajili ya mbegu.

Wapo watakaouliza kuhusu ile aina ya upupu inayopandwa kufunika, isiyowasha. Inafunika vizuri kuliko karibu kila kitu, lakini punje zake zina kemikali yenye madhara kwa mtu asiyejua kuziandaa. Katika nyumba yenye watoto na njaa, mimi nisingeipeleka.

Naomba nitaje mambo mawili yanayovunja moyo. Kwanza, mikunde nayo ina njaa yake. Mahali penye udongo mchachu na usio na fosforasi, ngwara itadumaa na vinundu vyake vitakuwa vyeupe. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa Manyara hapa hapa nchini, hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo mchachu kama wetu, na kiganja kidogo shimoni kitaifaa mikunde na mahindi pia. Kwa hiyo simwambii mtu atupe mbolea ya dukani. Bei zilipopaa mwaka 2022 mpaka serikali ikarudisha ruzuku, tuliona sote hatari ya kutegemea mfuko peke yake; lakini shamba lenye mboji huishika mbolea, na shamba tupu huiachia iende mtoni. Pili, mchwa. Watakula sehemu ya matandazo yenu wakati wa kiangazi, na njia zao ardhini zitasaidia maji kuingia. Ongezeni matandazo, msiwapige dawa.

Na soko je? Mzee aliyeketi pale mbele ameuliza kwa sauti ndogo: "Mbaazi tena, baada ya 2017?" Namwelewa. Mwaka ule India iliweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Waliokuwa wamepanda mbaazi tupu shamba zima waliumia vibaya. Aliyekuwa nazo katikati ya mahindi alikuwa na mahindi, alikula mbaazi, na majani yaliyodondoka hayakuhitaji mnunuzi. Ninachokiomba kwenu ni mistari ya mbaazi ndani ya mahindi, si shamba la mbaazi.

Hoja ya sita: moto na mifugo

Mnaweza kufanya yote niliyosema, na usiku mmoja wa Septemba yakaisha. Mtu anawinda panya, anawasha moto, upepo unafanya yaliyobaki. Au ng'ombe wanaingia kwenye ngwara iliyo kijani peke yake katika kijiji kizima. Na nani atamlaumu ng'ombe?

Kwa mifugo, tusijenge uadui. Mfugaji anatafuta majani kiangazi, na sisi tunazungumza habari ya majani yanayostahimili kiangazi. Kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, kituo cha ICIPE kikishirikiana na Rothamsted ya Uingereza kiliendeleza kilimo cha sukuma-vuta tangu miaka ya 1990: desmodiamu katikati ya mahindi, matete kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, matete huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu hulizuia gugu la kiduha. Wakulima waliipenda pia kwa sababu nyingine: desmodiamu na matete hukatwa kulishia ng'ombe wa maziwa. Mmea mmoja ukaufunika udongo, ukalinda mahindi, ukatia maziwa kwenye chai. Kipande cha malisho ya namna hiyo kikitengwa na kijiji, kikakatwa na kuuzwa au kubadilishwa kwa samadi, mfugaji na mkulima wanakuwa na sababu ya kukaa meza moja.

Kuhusu moto na malisho holela, vijiji vina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na watendaji mlio hapa mnajua utaratibu wake. Lakini sikilizeni tahadhari ya mtu mzima. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliinuka kupinga matuta waliyolazimishwa na wakoloni kuchimba milimani. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halikuwa uongo. Ila waliamriwa kufanya kazi nzito ambayo hawakushirikishwa kuipanga wala kuona faida yake. Sheria ndogo itungwe na mkutano wa kijiji baada ya watu kuona kwa macho yao shamba la mwenzao, si kabla.

Ndugu zangu, msimu unaokuja siombi ekari ya mtu. Naomba hatua ishirini kwa ishirini, karibu na nyumba ambapo moto na ng'ombe vinaonekana haraka. Katika kila kijiji kilichowakilishwa hapa wapatikane wakulima kumi, na kati yao wawemo kina mama si chini ya sita, maana wao ndio wanaojua kilichomo jikoni. Kila mmoja aache na kipande kingine cha ukubwa huohuo alime kama alivyozoea. Walimu, shule zenu zina mashamba. Wapeni wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kuhesabu vinundu vyekundu na vyeupe, na kuandika mvua iliyonyesha. Maafisa ugani, andikeni hata yaliyoshindikana, hasa yaliyoshindikana.

Mwezi Mei mwishoni, kabla ya kuvuna, tukutane tena, siyo ukumbini bali mashambani, kila mtu na jembe lake. Tutachimba shimo katika vipande vyote viwili, tutashika udongo mkononi, tutamwagia maji ndoo moja moja tuone wapi yanazama. Nami nitakuwapo, Mungu akipenda.

Mbegu za ngwara, mbaazi na marejea zipo kwenye mifuko pale mlangoni, zimegawanywa kwa kipande cha hatua ishirini. Anayechukua aandike jina na kijiji chake kwenye daftari, na mwakani arudishe mara mbili ya alichochukua ili mwenzake apate. Maswali yaanze na wale walioketi nyuma, ambao sikuwaona vizuri.